Hesabu ya Wasokuja

Lali, mwana wa dada yangu, karani wa udahili
katika chuo kimoja huko bara,
amekuja likizo, amekalia mbuzi yangu ya nazi,
ananieleza polepole kama mtu anayemvusha kipofu:
"Mama mkubwa, viti vya famasia ni sitini.
Barua za kuwaita tunatuma mia na arubaini."

Nikaendelea kuchambua mchele.
Alikuwa anangoja nishangae.

Mwanangu, miaka thelathini na mmoja
napikia harusi, Mkomani hadi Langoni.
Waalikaji wakigonga milango mia tatu,
mimi natia motoni wali wa watu mia mbili na ishirini.
Namjua atakayesema inshallah akimaanisha hapana.
Namjua mwenye kesi na baba wa bwana harusi.
Namjua atakayekuja na wanne wasoalikwa.
Ukialika sawasawa na sinia zako
utalisha paka wa Lamu mpaka Ijumaa.

Akacheka. "Ndiyo hiyo hiyo.
Wenye alama za juu kabisa ndio hawaji,
wana barua tatu mfukoni, wanachagua.
Tukiita sitini, watakaa ishirini na sita,
na kiti kitupu kina gharama yake:
mwalimu yuleyule, taa zilezile."

"Na mwaka mliokosea?"

Hapo akaacha kucheka.

Kila mpishi ana mwaka wake.
Wangu ni ule wa harusi ya kina Bwanamkuu,
iliyoangukia wiki ya Maulidi,
wageni wamelala mpaka madarini.
Waliokuwa hawaji, wakaja. Na wageni wao.
Saa saba mchana upawa ukakwaruza
chini ya sufuria ya mwisho, mlio ule siusahau,
nikatuma watoto nyumba kwa nyumba kuomba mchele,
nikaongeza maji kwenye mchuzi
na haya usoni.

Wao, anasema, walituma mia na themanini,
wakaja mia na mmoja.
Vijana wakisikiliza somo dirishani,
wanne katika chumba cha wawili,
mizani moja ya maabara kwa watu saba.
"Tangu hapo tunaogopa. Barua tumepunguza,
na nyuma yake tunaweka orodha ya kungoja."

Orodha ya kungoja.
Alilitamka bila kutazama mlango wa ndani,
ambako Mwanaarafa wa binti yangu
amechomeka simu ukutani tangu Jumatatu,
anaitazama kama mtu anayelinda maziwa motoni.
Nambari kumi na tisa.
Hakukataliwa, hakualikwa:
yuko barazani, harufu ya pilau inamfikia,
na hakuna anayemwambia pita
wala nenda.

Nilitaka kumuuliza Lali, maana damu ni nzito,
huwezi kumsogeza? Japo ngazi mbili?
Ulimi ukafika kwenye meno, ukarudi.
Mimi mwenyewe namjua mke wa nani
aliyeniomba sinia ya pembeni
nikamnyima mbele ya watu.

Siku ya mwisho ya kujibu ni Ijumaa, saa kumi na moja.
Mahali fulani, labda Kisii, labda Nyeri,
yuko kijana mwenye barua tatu, hana haraka,
anakunywa chai.
Sina ubaya naye. Namuombea apate bora zaidi.
Namuombea apate bora zaidi,
lakini apate mapema.

Jana usiku, kwa mazoea ya kazi,
nilipika cha watu watano, nasi tuko wanne.
Sahani moja nikaifunika kawa.
"Ya nani hii?" Mwanaarafa akauliza.
Ya asokuja, nikamwambia.
Akaitazama kitambo.
Kisha akaenda kunawa mikono,
akarudi, akainua kawa, akala.